Bei ya jenereta siyo ile ya dukani: piga hesabu ya saa moja kabla hujatoa mtaji



Umeme ukianza kusumbua mtaani, swali linakuwa moja: "Jenereta ya nyumbani shilingi ngapi?" Mtu anataka atajiwe bei, aende Kariakoo, abebe, awashe, oda ziendelee. Ukimwambia laki nane anaangalia salio, anaona hela ipo, basi anaona kazi imeisha.

Sikia. Bei ya dukani ni kiingilio tu. Bei yenyewe ya jenereta unailipa kila saa inaponguruma. Na sisi wenye mitaji midogo, hela ikishaingia kwenye injini hairudi tena kununua mzigo. Kwa hiyo leo sikutajii bei moja, nakupa hesabu. Bei nitakazoweka ni za mfano ili tuelewane, wewe toa yangu weka ya kwako ya leo. Njia ya kupiga hesabu ndiyo haibadiliki.

1. Jua kwanza unaongelea jenereta gani

Kuna ile unayoiona kwenye video za Marekani. Boksi kubwa limekaa nje ya nyumba, umeme ukikatika linajiwasha lenyewe, nyumba nzima inawaka, umeme ukirudi linajizima. Ile inatumia gesi ya bomba au ya tenki, ina swichi inayobadilisha njia yenyewe, na ufungaji wake unataka fundi wa umeme na fundi wa gesi. Kuinunua na kuifunga ni maelfu ya dola. Kwa biashara ya kuuza kwa simu, weka pembeni.

Kuna ya dizeli. Nzito, bei juu, lakini inavumilia kazi ya masaa mengi kila siku. Hiyo ni ya hoteli, mashine ya kusaga, ofisi.

Halafu kuna ya petroli ya kuvuta kamba au ya ufunguo, kuanzia ndogo kabisa mpaka za kVA 5 hivi. Hii ndiyo wengi wetu tunaiongelea, na hesabu ya leo ni ya hii.

2. Ukubwa: usinunue kwa macho

Andika kila kitu ambacho LAZIMA kiwake umeme ukikatika. Siyo kila kitu cha ndani, ni kile cha biashara tu. Angalia wati kwenye kibandiko cha nyuma. Makadirio ya kawaida ni haya:

- Kuchaji simu: wati 10 mpaka 30
- Taa ya kurekodia video: wati 10 mpaka 20
- Ruta ya intaneti: kama wati 10
- Cherehani ya umeme: wati 100 mpaka 250
- Friza ya kawaida: wati 100 mpaka 200
- Mashine ya kuchanganyia keki: kama wati 300
- Pasi: wati 1,000 na zaidi
- Mashine ya kubandika picha kwenye tisheti: kama wati 1,400
- Oveni ya umeme: wati 1,500 mpaka 2,000

Sasa hapa ndipo watu wanaumia. Friza ikianza kuwaka inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache, hata mara tatu mpaka tano ya ule wa kawaida. Friza ya wati 150 inaweza kutaka 750 pale inapostuka. Ukinunua jenereta ya kubana, taa zitawaka vizuri, friza ikiitika kila kitu kinazima.

Mfano: friza wati 150, mashine ya keki 300, taa na simu na ruta 80. Jumla 530. Ongeza 600 ya friza kustuka, unapata 1,130. Acha nafasi ya robo juu yake, unafika kama wati 1,400.

Kwenye kibandiko cha jenereta kuna namba mbili. Moja ni nguvu ya juu kabisa, ambayo injini inaiweza kwa muda mfupi. Nyingine ni nguvu ya kazi, ambayo inaibeba masaa yote. Muuzaji atakusomea ile kubwa. Wewe soma ile ndogo. Na ukiona imeandikwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati kwa usalama. Kwa hiyo kVA 2 ni kama wati 1,600, siyo 2,000.

3. Gharama ya kununua na kufunga

Tuseme umechagua ya kVA 2.5. Hesabu inakuja hivi:

- Jenereta yenyewe: 850,000
- Swichi ya kubadilisha njia, yaani chenji ova, pamoja na waya, soketi ya nje, waya wa ethi na fimbo yake, na hela ya fundi: 250,000
- Msingi wa zege, paa la kuzuia mvua, mnyororo na kufuli: 100,000
- Oili ya kwanza na plagi ya akiba: 25,000
- Petroli lita 10 za kuanzia: 30,000

Jumla ni 1,255,000. Umetoka nyumbani na laki nane na nusu kichwani, na umeongeza laki nne juu yake. Ndiyo maana unaona jenereta nyingi mtaani hazina chenji ova. Mtu hela ilimwishia dukani.

Na hapo ndipo watu wanafanya jambo la hatari kuliko yote, kuchukua waya wenye plagi pande mbili, huku jenereta, huku soketi ya ukutani. Usifanye. Kabisa. Umeme wa jenereta unatoka kwenye nyumba yako unarudi kwenye laini, ukifika kwenye transfoma unapandishwa mpaka maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini haina umeme anaweza kufia pale. Na umeme wa kawaida ukirudi jenereta ikiwa inaunguruma, jenereta inaungua na nyumba inaweza kuungua. Kama hela ya chenji ova haipo, tumia waya wa kurefusha ulio mzima, chomeka friza moja kwa moja kwenye jenereta, achana na soketi za ukutani.

Fundi wa kufunga awe mwenye leseni ya EWURA. Muulize aoneshe, siyo kumdharau. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla, maana waya unapita kwenye ukuta wake.

4. Gharama ya saa moja

Hii ndiyo namba ya kuibandika ukutani.

Jenereta ya kVA 2.5 ikibeba nusu ya uwezo wake, inakula kama lita 0.9 kwa saa. Tuchukulie petroli lita moja ni 3,000. Wewe weka bei ya kwako, EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

- Petroli: 2,700
- Oili na plagi ukigawanya kwa masaa: kama 150
- Injini kuchakaa. Tuseme ikitunzwa inafanya kazi masaa 1,500. Chukua 850,000 gawa kwa 1,500, unapata kama 570

Jumla ni 3,420 kwa saa moja.

Kwa saa hiyo umepata kama uniti moja ya umeme. Uniti hiyo hiyo ukiinunua kwa LUKU, kwa sisi tulio kwenye daraja la matumizi ya kawaida, ni kama shilingi 356 ukiweka na kodi. Yaani umeme wa jenereta ni karibu mara kumi ya ule wa LUKU. Kwa hiyo kitu unachotengeneza kwa jenereta lazima kiwe na faida ya kuibeba tofauti hiyo.

Kingine cha kujua: jenereta ya kawaida lazima injini izunguke mara 3,000 kwa dakika ili umeme uwe sawa, hata kama umechomeka simu moja tu. Haijui kwamba leo kazi ni ndogo. Inaweza kula nusu lita kwa saa ikiwa karibu tupu. Hiyo ni 1,500 kila saa kuchaji simu na kuwasha taa ya video.

5. Saa moja bila umeme inakutoa shilingi ngapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko la bei, na jibu linategemea unauza nini. Usihesabu mauzo, hesabu FAIDA iliyopotea kweli. Oda iliyochelewa mpaka jioni mteja akaipokea, hiyo haijapotea. Oda iliyoghairiwa ndiyo imepotea.

*Unauza nguo, viatu, vipodozi mtandaoni.* Unachohitaji ni simu, mwanga na intaneti. Pawabenki ya mAh 20,000 inachaji simu ya kawaida kama mara tatu. Ongeza balbu ya kuchaji na kibetri kidogo cha ruta. Yote haya ni makumi ya maelfu, siyo milioni. Picha piga mchana dirishani, zinatoka vizuri kuliko za taa. Wewe jenereta huihitaji, hela hiyo ni marobota.

*Unauza samaki, kuku au nyama za kugandisha.* Wengi wenu mnakimbilia jenereta siku ya kwanza. Friza iliyojaa, ikiwa imefungwa bila kufunguliwa, inashika ubaridi kama masaa 48. Ikiwa nusu, kama 24. Friji ya kawaida ni kama masaa 4 tu. Kwa joto la Dar au Tanga, na kama mpira wa mlango umechoka, wewe chukulia pungufu ya hapo. Lakini umeme ukikatika masaa matano, mzigo uliogandishwa haujaoza. Kinachouozesha ni kufungua fungua kila mteja akija. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, zigande. Bandika karatasi mlangoni: UMEME UMEKATIKA, USIFUNGUE. Za mteja wa karibu toa mapema uweke kwenye kontena la kuhifadhi baridi.

*Unauza barafu, aiskrimu, juisi za baridi.* Wewe ni tofauti. Ubaridi ndiyo bidhaa, na saa iliyopita bila kugandisha hairudi. Kwako jenereta inaweza kulipa, endelea na hesabu ya chini.

*Unaoka keki.* Oveni ya umeme ndiyo mzigo mkubwa. Kabla hujanunua jenereta kubwa ya kubeba oveni, uliza bei ya oveni ya gesi. Ukihama kwenye gesi, kinachobaki ni mashine ya kuchanganyia, taa na simu, na hizo zinabebwa na kitu kidogo.

*Unashona au unachapa tisheti.* Jiulize kama kazi inaweza kusogea usiku au alfajiri. Kama mteja anachukua kesho, masaa matatu ya mchana umeyahamisha tu. Kama ni sare za harusi ya Jumamosi na leo ni Ijumaa, hapo saa moja ina thamani kubwa.

6. Jenereta inarudisha hela baada ya muda gani?

Tuseme wewe ni muuza aiskrimu, na saa moja bila umeme inakukosesha faida ya 6,000. Jenereta inakutoa mfukoni 2,850 kwa saa, yaani petroli na oili. Unaokoa 3,150 kila saa.

Umeme ukikatika masaa 10 kwa mwezi wakati wa kazi: unaokoa 31,500 kwa mwezi. Kurudisha 1,255,000 ni miezi 40. Zaidi ya miaka mitatu.

Ukikatika masaa 40 kwa mwezi: unaokoa 126,000. Inarudi ndani ya miezi 10.

Umeona? Jenereta ni ile ile, mtu ni yule yule, bei ni ile ile. Kilichobadilika ni masaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua masaa yako.

Chukua daftari. Mwezi mmoja, andika tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na nini kilikwama. Kukatika kwa saa nane usiku ukiwa umelala usikuhesabu. Mwisho wa mwezi jumlisha yale masaa yaliyokuumiza tu. Ukiyajumlisha unaweza kukuta ni machache kuliko kelele tulizopiga.

Na kumbuka masaa hayo yanabadilika na nchi. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hesabu ilikuwa moja. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha megawati 235, na bwawa zima lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Kukatika hakukuisha, maana nguzo zinaanguka na transfoma zinaharibika, lakini siyo hesabu ile ile tena. Aliyenunua kwa hofu ya mwezi mmoja anaweza kukaa na chuma miaka mitatu. Na wakati wa hofu ndipo kila mtu yuko dukani anatafuta, muuzaji hana sababu ya kukupunguzia.

7. Njia za katikati

*Inveta na betri.* Betri ya volti 12, Ah 100, inashika kama wati 1,200 za saa moja. Kama ni ya risasi, tumia nusu tu isife mapema. Ukitoa na kinachopotea njiani, inabeba mzigo wa wati 100 kama masaa matano. Cherehani moja, taa, simu na ruta zinakaa humo. Inachajiwa na LUKU ya 356, haina moshi, haina kelele. Ubaya wake ni kwamba betri inakufa baada ya miaka kadhaa na kununua nyingine ni hela. Pasi na oveni usithubutu.

*Kuchangia.* Fremu nne zilizopangana zinaweza kununua jenereta moja. Andikianeni: nani anaitunza, mchango wa petroli kwa saa, nani hatakiwi kuchomeka pasi. Ikiharibika, mnachangaje. Mkiandika mapema hamtagombana.

*Kukodi.* Kama una tenda moja kubwa kwa mwaka, kodi ya siku mbili.

8. Ukiamua kununua

- Iwashe dukani, na iwashe ikiwa na mzigo. Chomeka birika la umeme au pasi inayoendana na uwezo wake, kaa dakika kumi. Sauti ikiyumba na taa zikipepesa, acha.
- Uliza waya wa ndani ni shaba au aluminiamu. Shaba ni nzito na inavumilia joto zaidi.
- Uliza kabureta, kamba na kirekebisha umeme chake vinapatikana wapi. Jenereta isiyo na spea ni stuli ya kukalia.
- Dai risiti na garantii yenye mhuri.
- Oili ya kwanza ibadilishe mapema, baada ya kama masaa 20. Baada ya hapo fuata kitabu chake. Wengi wanaua jenereta kwa oili ya elfu kumi.
- Ikikaa muda bila kazi, iwashe mara moja kwa mwezi. Petroli ikilala muda mrefu inaganda uchafu kwenye kabureta.
- Uliza kituo cha mafuta cha karibu wanakubali kujaza kwenye chombo gani. Usiweke petroli chumbani unakolala wala karibu na jiko. Na usijaze injini ikiwa ya moto.

9. Hili usiliruke

Moshi wa jenereta una hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa amelala. Jenereta haikai ndani, haikai stoo, haikai koridoni, haikai barazani chini ya dirisha, hata kama umefungua milango yote. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka madirishani, moshi ukielekea kusiko na watu. Na madirisha ya jirani pia yahesabu. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu wakati inawaka, toka nje wewe na watoto kwanza, mengine baadaye, halafu hospitali.

Kuna nyumba zetu za kubanana ambazo hizo mita 6 hazipo. Kama ni yako, jibu lako limeshapatikana bila kupiga hesabu yoyote. Chukua betri.

Kwa kifupi

Namba tatu tu. Masaa mangapi kwa mwezi umeme unakuumiza. Faida kiasi gani inapotea kwa saa. Jenereta inakula kiasi gani kwa saa. Ya pili ikiwa ndogo kuliko ya tatu, usinunue hata kama unapewa punguzo. Ya pili ikiwa kubwa na masaa ni mengi, nunua, lakini nunua na chenji ova yake.

Anza na daftari leo. Mtumie na mwenzako ambaye amesema mwisho wa mwezi anakwenda Kariakoo kuchukua jenereta, ayaone haya kabla hajatoa hela.